Koti Lililobaki Kitini

Alhamisi, 6 Juni

Leo naanza, na naapa kuandika yote, hata yanayonitia aibu. Mwalimu wa Kiswahili alituambia shajara yenye kuficha mambo ni kupoteza wino tu.

Basi la kwanza: baba haishi hapa. Tangu shule zifunguliwe analala chumba cha nyuma cha karakana yake. Ni fundi friji. Kwenye harusi ya mama mdogo aliinuka katikati ya sherehe kwenda kutengeneza friji ya mtu, akarudi viti vinakusanywa. Mama akamwambia kama ameoa mafriji, akalale nayo. Baba akabeba godoro. Nadhani mama hakutegemea abebe godoro.

Sasa habari yenyewe. Leo baba alinisubiri kwenye geti la shule. Nimwambie mama kwamba pamefunguliwa mkahawa mpya, pale palipokuwa na duka la viatu, na ameshaweka meza. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni.

Nilimfikishia mama akiwa kwenye cherehani. Mguu ukasimama.

"Meza ya watu wangapi?"

Wawili, nikasema. Akaendelea kushona. Ana sare thelathini za kumaliza. Hakusema ndiyo. Lakini mama akikataa, hukataa papo hapo.

Ijumaa, 7 Juni

Darasani sikusikia kitu. Nimepita karakana. Nimemwomba baba mambo mawili: avae lile koti la kijivu ambalo mama alimshonea kabla sijazaliwa, na asibebe mkoba wa vifaa.

"Kwani nakwenda kula au kukaguliwa?"

Yote mawili, nikamjibu. Akacheka mpaka akakohoa. Mkoba utabaki, ameahidi.

Nyumbani sare zimewekwa pembeni. Mama anajishonea gauni. Anavalisha mtaa mzima, yeye mwenyewe anavaa kanga na fulana. Ameniambia nisimkodolee macho, nikasome.

Jumamosi, 8 Juni

Saa kumi na mbili kasorobo. Ametoka. Gauni la bluu. Amerudi mara mbili – kwanza kuchukua leso, halafu kujitazama tena kwenye kioo.

Nimefagia. Nimepanga viatu vya mlangoni na kuacha nafasi ya jozi moja, upande wa baba. Ni utoto, najua. Niliapa kuandika yote.

Saa mbili kasoro dakika kumi. Mama amerudi peke yake. Mkononi ana koti la baba.

Ameingia nalo chumbani. Sijauliza.

Jumapili, 9 Juni

Sasa najua. Mama mdogo amekuja asubuhi kuchukua habari, na mimi nilikuwa naosha vyombo polepole sana.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Baba alikuja mapema, amenyoa. Alimsifu mama kwa gauni. Wakaagiza samaki. Mama akapindua ukingo wa kitambaa cha meza akasema aliyeushona alikuwa anasinzia, na baba akacheka kama zamani. Halafu friji kubwa ya vinywaji, kule nyuma ya kaunta, ikaanza kukoroma. Baba akajifanya hasikii. Alijifanya muda mrefu, mama amekiri hilo. Jasho likamtoka. Mwisho akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti hilo. Mkoba aliuacha kweli. Bisibisi hakunitajia.

"Dakika tano," akasema.

Samaki wakaja. Mama akala wake. Zikapita dakika arobaini. Wa baba akamfunikia kwa sahani nyingine, akachukua koti, akaondoka.

"Ukamfunikia?" Mama mdogo aliuliza. "Mtu kakuacha na sahani, wewe unamfunikia?"

"Samaki akipoa hafai."

"Na koti ulilichukua la nini?"

Mama akasema kazi ya mikono yake haiachwi kwenye kiti cha watu. Halafu akalitandaza mezani. Kola imemsimama kama ameazima, akasema. Amekonda. Koti limezidi vidole vinne kiunoni, ameona kwa macho tu, hakuhitaji futi.

"Kumbe wakati yeye anasikiliza friji, wewe ulikuwa unampima."

"Kunywa chai yako."

"Na kitambaa cha meza ulikuwa unakikagua kwa ajili ya nani?" Mama mdogo akasema wameoana mafundi wawili, asitafutwe mwenye kosa. Mama akachukua kiwembe akaanza kufumua mshono wa koti.

Mimi nikaosha sufuria moja mara tatu.

Jumatatu, 10 Juni

Baba getini tena. Macho mekundu. Aliuliza kama mama amekasirika. Nikasema hajasema. Akaniambia alipotoka nyuma ya kaunta alikuta sahani imefunikwa, akala akiwa amesimama, na hajui alikuwa anakula nini. Akauliza koti liko wapi. Nikamwambia aje jioni alichukue. Hilo nimelitunga mwenyewe; hakuna aliyenituma.

Nilipomwambia mama, alisema tu, "Haya." Sasa yuko jikoni. Koti limekwisha, limetundikwa kwenye msumari, limepigwa pasi.

Nimeligeuza ndani nje. Lazima niandike hili vizuri. Mama akipunguza nguo ya mteja, kitambaa kinachozidi hukikata na kukitupa kwenye kikapu. Huacha kwa mtu mmoja tu: yule ambaye mama anajua atanenepa tena na kurudi kwake kuachiliwa mshono. Kikapu nimekichungulia. Hakuna hata kipande cha kijivu. Vidole viwili kila upande, vimekunjwa ndani, vimeshikizwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo.

Baiskeli ya baba imesimama nje. Anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kama mgeni.

"Fungua wewe," mama anasema kutoka jikoni. Amezima jiko. Hatoki.

Nakuja, nimesema. Nimechana ukurasa wa nyuma wa shajara hii, na karatasi nimeitia kwenye mfuko wa koti, ule wa bisibisi. Nanakili hapa nilichoandika:

Baba, mama amelipunguza koti lakini hakukata kitambaa. Amekiacha chote ndani. Usiende mbali nalo, livae hapohapo mlangoni, kisha unijibu leo hii: utanenepea wapi?