Chuma ndani ya mkate wa wakwe

Ziada, mdogo wangu Anifa amekaa chini jikoni, hanyanyuki.

Asubuhi alioka mkate kwa ile mashine yake inayokanda na kuoka yenyewe, akautuma na basi kwa wakwe zake Manyoni. Ndoa haina hata mwezi. Jioni hii anakuja kusafisha mashine, kile kichuma cha kukandia unga hakimo. Kimebaki ndani ya mkate. Ndani ya mkate, Ziada.

Akapiga simu, akaweka spika. "Mama, msiule kwanza."

"Tumeshaula, mwanangu," mama mkwe akajibu. "Baba yako amevunjika jino. Huyu hapa, ongea naye."

Tukamsikia mzee anapumua. Anifa hata shikamoo hakumpa.

Akakata simu. Kamkatia simu baba mkwe, Ziada.