Nilimwambia Amepona

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimemkosea mume wangu na kosa lenyewe lilitoka mdomoni mwangu. Mwaka juzi, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu Kasoli, Mayala mume wangu alipatikana na saratani ya koo, tukapita Maswa hadi Shinyanga tukapanda treni ya Dar, akapigwa mionzi upande wa kulia tu kwa sababu uvimbe ulikuwa huko, na siku ya kuruhusiwa daktari akaniambia mimi, maana mume wangu Kiswahili kinampa taabu, kwamba turudi kila miezi mitatu aangaliwe pande zote mbili kwani ugonjwa huu huweza kurudi, nami nikamtazama alivyokonda, hali chakula, anataka akafie kwenye ng'ombe wake, nikamgeuzia kwa Kisukuma kwamba daktari anasema umepona, akacheka, mara ya kwanza tangu masika, nikashindwa kuongeza yale mengine.

Kadi ya kliniki nimeificha chini ya vitenge. Sasa shingo imevimba kushoto. Yeye anasema, "Mayu," yaani mama, "mimi nilipona, daktari alisema. Uvimbe huu nimetupiwa na mtu." Mtu mwenyewe eti ni mdogo wake Nyanda, aliyetuchungia ng'ombe tulipokuwa Dar! Hawasalimiani tena, na Jumamosi anakwenda kwa mganga kumtaja. Nikisema ukweli ataniacha. Nifanyeje? Najuta, mshauri.

Mama Kwandu, Kasoli

Mama Kwandu, pole, ila pole yangu ni fupi. Nani alikutuma umchagulie mwenye shingo habari za shingo yake? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulificha ya mwenzio. Hata hivyo usijitwike yote. Kupigwa mionzi upande mmoja si kosa, na hata mngehudhuria kliniki zote pengine ugonjwa ungerudi. Lakini Nyanda hana hatia, na anayejua hivyo ni wewe peke yako.

Usingoje Jumamosi. Leo toa kadi, waite mumeo na Nyanda, sema kwa Kisukuma uliyoyameza. Atafoka, mwache afoke. Akikufukuza nenda kwenu, lakini kadi ibaki mkononi mwake. Kisha hospitali ya wilaya, aandikiwe barua ya rufaa, na shingo isichanjwe wala kukandwa na mtu. Mimi siwezi kukuahidi kwamba atapona, nawe usimwahidi. Akikubali uende naye, daktari akisema, mtafsirie yote.