Mjomba Ameiandika Ijibu "Ndiyo" Siku Zote

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumatatu, maana maji yamenifika shingoni na nyumbani siwezi kumwambia mtu. Naandika programu za kompyuta katika ofisi ndogo pamoja na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kushika kipanya, na sasa tumetengeneza programu ya duka la dawa, itakayoanza kutumika Jumatatu hiyo. Ndani yake kuna kitu tulichokiita Mgonjwa, na hicho kitu kina kazi zake ambazo sisi tunaziita metodi, yaani unaiuliza metodi swali nayo inakurudishia jibu. Moja inaulizwa hivi: dawa hii ni salama kwa mgonjwa huyu? Ikirudisha "ndiyo", sehemu yangu inachapa lebo na mfamasia anatoa dawa. Shangazi, juzi nimeifungua hiyo metodi, aliyoiandika mjomba, nikaona kwamba ikikuta mgonjwa ana mzio wa dawa hiyo inaandika onyo kwenye kidirisha cheusi cha kompyuta ya mjomba, ambacho mfamasia hatakiona maishani, halafu chini kabisa inarudisha "ndiyo" kwa kila mtu. Najua ilikuwaje: kompyuta iligoma kwa kuwa metodi iliahidi jibu na haikutoa, naye akaiwekea "ndiyo" ya kuituliza, akasahau. Nilipomgusia akasema, "Hiyo nimeshaijaribu, onyo linatokea vizuri, wewe shughulika na lebo zako." Tajiri wetu ameanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, na hili likijulikana atamwondoa, na jana mbele ya mwenye duka mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, kuna tatizo lolote?" nami nikajibu, "Hakuna, mjomba." Usingizi sina. Nifanyeje?

Mpwa Aliyebanwa

Marahaba, mwanangu. Pole, maana kumsahihisha aliyekushika mkono si jambo jepesi, na moyo wako nauona.

Mimi kompyuta naijua ya kuandikia safu hii tu, ikabidi nimsomee barua yako mkwe wangu, anayefanya kazi kama yenu. Akaniambia, "Mama, ukimtuma mtu jikoni akaangalie kama maji yamechemka, akapiga kelele hukohuko kwamba yamechemka, halafu akaja kukwambia bado, wewe utashika lipi?" Nitashika aliloniambia, bila shaka. Na lebo yako itashika lililorudishwa, hizo kelele za kidirisha cheusi haizisikii.

Sasa nikugombeze. Wewe umeulizwa waziwazi na mwenye haki ya kujua, ukarudisha "hakuna", kisha onyo lote umekuja kulimwaga kwangu, mahali ambapo mjomba wako hatasoma. Tofauti yenu ni ipi? Yeye alisahau. Wewe umefunika kombe ukijua kilichomo, na hiyo usiiite heshima, mwanangu. Ni woga. Tena umeniudhi.

Kuhusu tajiri, fikiri vizuri. Kosa likikamatwa mezani kwenu kabla ya kukabidhi kazi, ni shughuli ya kila siku ya fundi yeyote. Likikamatwa dirishani pa duka, mtu ameshavimba koo, hapo hata mimi sitaweza kumtetea mzee. Ukitaka kumlinda, mlinde leo.

Kwa hiyo nenda kwake nyumbani mkiwa wawili tu, na usianze na hotuba. Fungua programu, mwandike mgonjwa wa kubuni mwenye mzio wa penisilini, kisha mpishe kiti aagize penisilini mwenyewe. Lebo ikitoka, nyamaza. Ni fundi, ataona. Mwache aifute hiyo "ndiyo" kwa mkono wake, aifanye metodi irudishe "hapana" panapostahili, na mjaribu tena kwa kila aina ya mzio iliyomo kwenye programu, mkiangalia lebo, si kidirisha.

Akikataa hata baada ya hapo, mpigie mfamasia, mwambie asiiwashe programu mpaka irekebishwe, kisha mweleze mjomba kwamba umepiga. Usimzunguke.

Atanuna, mwache anune. Mjomba ana miaka mingi mbele yake ya kukusamehe. Mgonjwa atakayepokea dawa ile Jumatatu huenda asipate hata nafasi ya kukukasirikia.