Wamenirudishia Ukaazi Wangu, na Sasa Lazima Niondoke

Guangzhou, Alhamisi, Machi 2007

Kuta zinatoka jasho leo. Kila mwaka mwezi kama huu unyevu unaingia ndani ya nyumba na hautoki. Sakafu inateleza, na nguo nilizofua juzi bado zinanuka maji. Nimefungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Yote sawa tu.

Nimechoka, na si kwa kazi, maana leo sikufanya kazi yoyote.

Pasipoti yangu imerudi. Ndani yake wamebandika viza ya mkaazi anayerudi. Maana yake Uingereza imekubali kunirudishia ukaazi wangu wa kudumu, ule uliokufa nikiwa huku na mume wangu. Niliufungua ukurasa ule palepale nje ya jengo la ofisi ya viza, watu wakinipita na miavuli yao. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Sikulia. Nilikaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaja kuniambia kwa ishara kwamba pale hapakaliwi.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza, nieleze nilifikaje kwenye ngazi zile.

Nimezaliwa Unguja. Nilikwenda Coventry na mama na mdogo wangu Rahma nikiwa bado msichana wa shule. Huko ndiko nilikomaliza masomo, nikaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko nilikogongewa muhuri unaosema naweza kukaa bila kikomo. Uraia sikuomba, kwa sababu ningeuchukua ningeupoteza wa Tanzania, na hilo sikuliweza. Muhuri ulinitosha. Bila kikomo, waliandika, na mimi nikaliamini neno lilivyo.

Khamis nilikutana naye Unguja, kwenye harusi ya binamu yangu. Wakati huo alikuwa tayari anafanya biashara ya vitambaa hapa Guangzhou. Anapokea wanunuzi kutoka Dar, Unguja na Ngazija, anawazungusha soko la Zhongda, anawachagulia majora, anawajazia makontena na kuyasafirisha. Tukaoana, nikamfuata na tiketi yenye tarehe ya kurudi iliyoachwa wazi. Tulisema tukae mwaka mmoja, tuone.

Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaanza maisha, sikutaka kumwacha. Uliofuata alipasuliwa kidole tumbo, na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka sokoni na wateja wake, nikijifunza Kichina cha bei. Baada ya hapo sina sababu nzuri ya kutoa. Nilizoea tu. Nilikuwa na jiko langu, na majirani wanaonijua. Coventry ikawa sauti ya mama kwenye simu kila Ijumaa.

Mwaka jana figo za mama zikashindwa kazi. Nikapanda ndege.

Ofisa wa uwanja wa ndege kule alikuwa kijana mpole. Aliniuliza nimekaa nje muda gani, nikamwambia ukweli. Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi, akanieleza taratibu kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba anayekaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo ukaazi wake unapotea. Akanigongea muhuri wa mgeni, akanitakia matembezi mema.

Mgeni.

Niliingia nyumbani kwa mama nikiwa mgeni, nikalala kwenye kitanda changu cha usichana nikiwa mgeni. Nikampeleka mama hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, nikamwona anavyotoka pale kijivu, ananishika mkono ili avuke barabara ndogo tu. Siku ambazo sikuwapo ni Rahma aliyekuwa akimpeleka, mwenye watoto wawili wadogo na kazi ya zamu. Rahma hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu. Muda wa mgeni ulipokwisha nikaondoka, na mama akanifungia viazi vya kukaanga vya kula njiani, kama anayekwenda mbali ni mtoto wa shule.

Niliporudi hapa nikamwambia Khamis kwamba nataka kuuomba tena ukaazi wangu.

Alikuwa anavua viatu. Akavivua vyote viwili, akavipanga, ndipo aliponijibu. "Sema tu kwamba unataka kuondoka."

"Nataka niweze kukaa na mama yangu akiwa anaumwa. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Kwangu mie ni jambo moja," akasema.

Tangu siku ile hatukulizungumza tena. Nilikusanya karatasi zangu peke yangu, nikaandika maelezo yangu peke yangu. Yeye akawa anachelewa Zhongda. Akija tunaongea habari za meli na bei ya pamba, kwa adabu, kama watu waliokutana safarini.

Wiki iliyopita wakaniita kwenye mahojiano.

Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa makamo, Mwingereza, nywele fupi, miwani imening'inia kifuani. Nilipomsalimu akainua uso. Nadhani alimtazamia mke wa mfanyabiashara wa Kiafrika mwenye Kiingereza cha sokoni, akasikia lafudhi ya Coventry. Akaniuliza nimesoma wapi. Akaniuliza mama anaishi na nani, nani anampeleka hospitali, nitakaa wapi. Yote hayo niliyajibu. Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa naliogopa.

"Uliondoka kwa sababu ya mume wako. Mume wako bado yuko hapa, na biashara yake iko hapa. Nitaaminije kwamba safari hii unarudi Uingereza kuishi, si kutembea?"

Nilitazama faili langu lililokuwa mbele yake. Swali lile nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe jikoni, sokoni, hata kwenye sala, na sikuwahi kulipatia jibu.

Akageuza ukurasa. "Yeye anasemaje?"

"Sijui," nikasema. "Hatuzungumzi juu ya jambo hili."

Sikupanga kusema hivyo. Yule ofisa akanitazama, akavaa miwani, akaitafuta namba ya Khamis kwenye faili langu, akapiga. Akaweka simu kwenye kipaza sauti. Nikasikia soko lote limeingia mle ndani, watu wanapiga kelele, magurudumu ya mikokoteni, mtu anataja bei kwa Kichina. Kisha "Hello" ya Khamis.

Ofisa akajitambulisha. Akamuuliza kama anajua kwamba mke wake akipewa viza hii anatakiwa aishi kule kweli, si kwenda na kurudi.

Kelele zikapungua. Nadhani alitoka nje, au aliingia kwenye ngazi.

"Najua," akasema. Kiingereza cha Khamis ni cha kufanyia biashara, hakina mapambo. "Mimi ndiye niliyemleta huku. Hakuja kwa sababu anaipenda China. Alikuja kwa sababu yangu. Sasa mama yake mgonjwa. Mimi si mgonjwa."

Ofisa akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Mpeni," akasema Khamis. Simu ikakatika. Sijui ni yeye aliyeikata au ni mtandao.

Jioni ile alirudi nyumbani, akala, akasifu mchuzi. Hakusema kwamba amepigiwa simu. Na mimi sikusema kwamba nilimsikia.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu, hata Rahma.

Nilikuwa naomba ninyimwe.

Si kila siku. Lakini siku nyingi nilikuwa najiona nikifungua bahasha, nimekataliwa, na ndani ya huzuni ile mna nafuu. Ningempigia mama nimwambie nimejaribu, wamekataa, nifanyeje? Nisingemwacha mume, wala nisingekuwa binti aliyemwacha mama. Serikali ya watu ingebeba lawama, mimi ningebaki kulia kwa haki kabisa.

Ndiyo maana leo pale kwenye ngazi machozi hayakutoka. Hakuna tena wa kujificha nyuma yake.

Sikumpigia mtu. Nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Zhongda. Khamis nilimkuta kwenye duka la vitambaa vya mabaibui, yuko na mnunuzi mmoja kutoka Dar, mama mnene mcheshi ambaye tulishamkaribisha nyumbani mara kadhaa. Wanabishana bei na laoban, yaani mwenye duka, mwanamke aliyekuwa anakula wali wake huku anatingisha kichwa kukataa. Khamis akaniona mlangoni. Mimi huwa siendi sokoni siku hizi bila kuitwa, kwa hiyo alijua.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Alhamdulillahi," akasema. Akarudi kukishika kile kitambaa cheusi. Akakisugua kati ya vidole, akakigeuza, akakisugua tena, muda mrefu, mpaka laoban akaacha kula na kumuuliza ananunua au hanunui. Yule mama wa Dar akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema kwa sauti ya chini, "Khamis, baba, nenda kaongee na mkeo. Kitambaa hakikimbii."

Tukaenda kwenye mgahawa wa Waislamu wa kaskazini mwa China, wale wanaovuta tambi kwa mikono. Tukaagiza. Zikaja. Tukaziangalia.

"Utaondoka lini?" akauliza.

"Kabla mwezi huu haujaisha. Rahma amechoka."

Akatikisa kichwa kukubali. "Na mie nitakuja. Nikimaliza msimu huu."

Tangu nimjue kuna msimu. Ukiisha wa Ramadhani unakuja wa harusi, ukiisha wa harusi unakuja wa shule. Nikamwambia, "Khamis, usiniambie maneno ya kunibembeleza. Niambie kweli."

Akaviweka vijiti chini, akainua uso. Nikaona kwamba naye hajalala vizuri kwa muda.

"Kweli ni kwamba sijui," akasema. "Hapa nikishika kitambaa najua kimetoka kiwanda gani. Kule nitashika nini? Nitakaa sebuleni kwa mama mkwe nakungoja utoke kazini. Ningeweza kukudanganya, lakini umeniuliza."

"Nilikusikia kwenye simu," nikamwambia. "Siku ile ya mahojiano."

Akainamia bakuli. Masikio yake yakawa mekundu, Khamis wangu, mtu anayeweza kumbishia laoban yeyote mpaka ampe chai. "Nilisema Kiingereza kibovu," akasema.

"Ulisema vizuri."

"Nilikuwa nimekasirika, Zuhura. Mpaka hivi sasa nimekasirika. Lakini sikuona wa kumkasirikia. Mama yako? Yule mzungu? Wewe?"

Basi tukala. Tambi zilikuwa zimeshapoa.

Tulipokuwa tunatoka akaniambia nikate tiketi ya kwenda na kurudi. Nikamwambia yule mama wa viza ameniamini kwamba nakwenda kuishi, na kweli nakwenda kuishi. Akasema anajua. "Uje unione tu. Kama mtu anayekuja kumwona mumewe. Halafu urudi kwa mama." Na yeye ataomba viza ya matembezi, aje majira ya baridi, aone kama kuna kitu mikono yake inaweza kushika kule. Hatukuapa. Hatukuitana majina ya mapenzi. Tulivuka barabara, akanishika kiwiko kwa sababu ya pikipiki.

Nilimpigia mama kabla ya magharibi. Nilitazamia atasema kama anavyosema siku zote, nyumba yako iko huko, mwanangu, mume wako atakula nini. Badala yake alipunguza sauti ya televisheni.

"Wamekurudishia?"

"Wamenirudishia, mama."

"Basi njoo," akasema. "Njoo, mwanangu. Nimechoka."

Mama yangu hajawahi kuniambia amechoka. Hata siku tulipofika Coventry theluji inaanguka na hatuna makoti ya maana, hakusema.

Sasa Khamis amekwenda msikitini. Nimekaa na kompyuta hii mezani na kuta bado zinatiririka. Sijui kama hii ndiyo namna ndoa inavyokwisha, au ndiyo namna ndoa inavyokuwa ikishakua. Labda watu wenye miaka mingi wanajua. Mimi sijui, na leo sina nguvu ya kujua.

Asubuhi nitakwenda kwa wakala. Nitakata ya kwenda na kurudi. Ataniuliza tarehe ya kurudi, na safari hii sitamwambia aniachie wazi, wala sitasubiri msimu wa mtu, wala ofisi ya mtu. Nitaichagua mwenyewe.