Kwa Nini Nilichukua Ile Kamera Kubwa ya Zamani

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe saba.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, zikukute umelala vizuri na umekula ukashiba. Kiuno chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba kusimama jikoni hotelini kutwa nzima kunakumaliza. Je, umeshanunua viatu vya maana vya kazini, au bado unajikongoja na vile vilivyochoka? Na wifi yangu hajambo? Watoto je, wanakua? Tuliona picha yenu ya juzi. Umepungua, mdogo wangu, Bonge limebaki jina tu.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima na ana kelele zake kama kawaida. Kila asubuhi anabishana na mtangazaji wa redio, na siku anaposhinda mabishano hayo anakunywa chai vikombe viwili. Shemeji yako yumo katika mbao zake. Nyumba nzima inanukia gundi na vumbi la msumeno, hata mito ya kulalia. Mpwa wako amepata kazi posta na sasa anatutembelea kila mwisho wa wiki akiwa amechomekea.

Mimi sasa. Barua hii naiandika kwa mkono wa kulia. Ndiyo, wa kulia! Usicheke herufi zinavyoyumba, wala usimwonyeshe wifi akadhani niliandika nikiwa kwenye gari bovu. Ni mwandiko wangu mwenyewe. Na habari kubwa kuliko hiyo ni kwamba nimerudi kazini, Bonge. Nimerudi!

Najua unangoja kusikia habari za kamera. Kaa vizuri, na tafadhali usininunie: sikuchukua ile uliyoniambia.

Wewe ulikuwa mbali siku ile kiharusi kiliponipiga. Watu walikuwa wamejipanga ukumbini, bibi harusi ameshatengenezwa shela, nami nasema sogeeni kidogo, sogeeni kidogo, mara nikaenda chini na kamera yangu. Mimi niliokotwa. Kamera ilizolewa kwa ufagio. Mguu ulirudi mapema, ulimi nao ukarudi, kama Mama anavyopenda kuwaambia wageni, kwa nguvu kuliko zamani. Mkono ndio ulionigomea. Unashika kikombe, lakini chai inacheza ngoma ndani yake.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Mama alishanitafutia kazi ya kukaa, ya kuuza vocha pale dirishani kwa jirani, na alikuwa amekwisha kuniwekea mto wa kiti. Sikumjibu vibaya, lakini nilikuwa naingia chooni kulia nikiwa nimefungua bomba asinisikie. Nimepiga picha tangu enzi za filamu. Nisipopiga picha sijui hata nisimame vipi kwenye shughuli ya watu. Mikono naiweka wapi?

Ndipo mlipochangishana, wewe na wenzako, na ukaniandikia kwamba nichukue kamera ndogo, mpya, ya mfukoni. Dada, usibebe mizigo, ulisema. Nami nilikubaliana nawe kabisa. Nilitoka nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Nilikwenda na mume wangu. Duka lenyewe ni jembamba kama korido, vioo pande zote mbili, na muuzaji ni mama mmoja anayevaa miwani kwenye nywele halafu anaitafuta mezani. Nikamwambia ninachotaka, akanitolea ile ndogo. Kisha akaniangalia vile nilivyoishika, akasita, akatoa na nyingine. Kubwa, nyeusi, ya kubadilisha lenzi, ya miaka mingi iliyopita. Hata ilipokuwa mpya ilikuwa ya wanaoanza tu. Mpira wa kushikia umechubuka na kioo cha nyuma kina mikwaruzo. Bei zao zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo hapo hapakuwa na ugomvi.

Mume wangu aliinyanyua ile kubwa, akaipima kiganjani kama anavyopima ubao.

"Hili tofali," akasema. "Utabeba tofali na mkono huo?"

Muuzaji hakubishana naye. Alitwambia tu tutoke nazo barazani, tuzijaribu juani.

Nikuambie ukweli, ile ndogo ni nzuri. Inaingia mfukoni mwa gauni, inavuta mbali hadi unasoma bango la mtaa wa pili, inazitambua sura za watu yenyewe, na inarusha picha kwenye simu papo hapo. Ndani ya duka, pale penye kiza, ilipiga picha safi kuliko ile kubwa. Nilishaipenda. Lakini haina tundu la kuchungulia. Unaishika mbele yako, mikono imenyooka, unatazama kioo. Na mikono ikinyooka, mdogo wangu, wangu wa kulia unakuwa tawi lenye ndege. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi baiskeli anazungusha gurudumu. Nikampiga. Akatoka na pua mbili. Muuzaji akaniwashia mtambo wa kuzuia mtikisiko, nikampiga tena. Akatoka na pua moja na nusu. Mtambo ule unafanya kazi kwa mtu anayetikisika kidogo. Mimi sitikisiki kidogo.

Nilisimama pale nikaona kiti changu cha kuuzia vocha kinaniita.

Nikaichukua ile kubwa kwa kukata tamaa tu, nisije nikalaumiwa kwamba sikujaribu. Nikaiweka jichoni. Bonge, nisikilize. Ilikaa kwenye paji la uso na shavu kama imekuja nyumbani. Viwiko nikavibana mbavuni. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukabeba lenzi kwa chini, na uzito wote ukaenda huko. Wa kulia ukabaki na kazi moja tu ya kubonyeza. Yule fundi baiskeli akatulia ndani ya tundu lile, ametulia tuli, hata nikaona mafuta kwenye ndevu zake. Ule uzito tuliouogopa ndio uliokuwa unanishikilia.

Nikabonyeza. Picha ikatikisika, maana kidole nacho hushtuka kinapobonyeza. Mume wangu akashusha pumzi. Nikakumbuka kitu cha siku nyingi, cha kupigia wanariadha: nikaiweka ipige mfululizo, nikabonyeza na kushikilia. Ka-ka-ka-ka-ka. Ya kwanza mbovu. Ya pili mbovu kidogo. Ya tatu, fundi baiskeli ana pua moja, jicho moja limefumba, na kila waya wa gurudumu unahesabika.

Nilipiga yowe barazani. Mume wangu alitazama picha, akatazama tofali, akasema, "Basi nitalitengenezea mkanda." Na kweli alinitengenezea, mpana, wa ngozi, unaokaa begani na kupita mgongoni, sibebi chochote kwa mkono. Tukaondoka nayo.

Ila picha ya fundi baiskeli si kazi. Kazi ni kuitwa. Na aliyeniita wa kwanza ni yule dada wa mazoezi wa hospitali, yule aliyenifundisha kufunga vifungo upya huku akinitukania uvivu kwa upole. Wamepata chumba kipya cha mazoezi, wakataka picha kubwa za wagonjwa wenyewe ukutani, ili wanaoletwa wakiwa na machozi waone wenzao waliosimama. Daktari mkuu alitaka mpiga picha wa studio. Dada wa mazoezi akanitaja mimi.

Daktari aliniita ofisini akaniuliza usoni, bila kuzunguka: "Mama, utaweza?"

"Sijui, daktari," nikamwambia. "Nikishindwa, kesho umwite mwingine."

Hilo nililisema kwa sauti. Nililojiambia mwenyewe ni kwamba nikishindwa narudisha kamera dukani na kwenda kukalia ule mto wa Mama.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Chumba kilikuwa na mapazia mazito, na kamera ya zamani haipendi kiza. Picha zikatoka nyeusi, zenye chenga kama mchanga. Nikawasha flashi, bibi mmoja akaruka kwenye kiti. Hapo nilikutaja, Bonge. Nilisema mdogo wangu alikuwa na haki, ile ndogo ingeona humu ndani. Halafu nikajikumbuka. Mimi ni mpiga picha au ni mbeba kamera? Nikaomba mapazia yafunguliwe yote, na vile vyuma viwili wanavyoshikilia wagonjwa wakijifunza kutembea, kwa kuwa vina magurudumu, visukumwe hadi dirishani. Nikakaa kwenye benchi, mgongo ukutani. Mwanga ukaingia kama mgeni aliyekuwa anangojwa.

Alikuwepo dereva wa lori, mtu mkubwa, upande wa kushoto umelala wote mpaka mdomo. Alikuwa ameshasema hataki.

"Mimi sipigwi picha na uso huu," akanirudia.

Sikumbembeleza. Nilikuwa naweka lenzi sawa, akauona mkono wangu unavyocheza.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Mimi wa kushoto."

"Basi tukiunganishwa," nikamwambia, "tunapata mtu mzima mmoja, na vipuri vinabaki."

Alicheka, Bonge. Alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka machozi yakamtoka, na dada wa mazoezi akaniambia baadaye kwamba tangu aletwe pale hakuwahi kusikika akicheka. Kisha akasema haya, piga, lakini nataka nikiwa nimesimama.

Wakamsimamisha kati ya vyuma. Dada wa mazoezi alikuwa nyuma yake ameshika shati lake kiunoni. Akapiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine. Mimi jicho halikubanduka tunduni. Nikaona dada anaachia shati, anarudi nyuma taratibu, mikono ameitandaza. Nikaona vidole vya yule bwana vinafunguka juu ya chuma, kimoja kimoja. Nikabonyeza nikashikilia, na kamera ikapayuka ka-ka-ka-ka mpaka akakaa.

Niliogopa kutazama. Nilijifanya nafuta lenzi. Watu wakaja wakanizunguka, ikabidi. Ya kwanza, ukungu. Ya pili, ukungu. Halafu ikaja. Mikono yake miwili iko hewani, haijagusa kitu. Mguu wa kushoto umenyanyuka kutoka sakafuni. Dada wa mazoezi yuko nyuma kabisa, mbali, kaziba mdomo kwa kiganja. Na uso, ule uso aliokataa usipigwe, unacheka upande mmoja kwa nguvu za pande mbili. Kila kitu kikali kama kimekatwa kwa wembe.

Daktari mkuu aliitazama, akageuka akatoka. Nilidhani imemchukiza. Kumbe alikwenda kumwita mkewe, naye ni muuguzi hapo hapo, aje aione.

Sasa imetundikwa mlangoni, kubwa kama mlango wenyewe. Siku ilipotundikwa, dereva aliletwa na mke wake. Alisimama mbele ya picha amejiegemeza kwenye fimbo, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Kumbe aliniachia," akasema. "Mimi nilijua alikuwa bado ananishikilia. Mliponiambia nimesimama mwenyewe nilidhani mnanifariji." Akanigeukia. "Kumbe ni kweli."

Bonge, nimepiga picha za maharusi na za wakubwa, sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo.

Tangu hapo simu hainyamazi. Hospitali wanataka nirudi kila mwezi. Kuna harusi Jumamosi hii, na ya wiki inayofuata pia. Mama ameutoa ule mto kwenye kiti na anaukalia yeye, na anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyenilazimisha nisikate tamaa. Nimemwachia, mwache afurahi. Mume wangu anabeba taa, anapokea sifa, na hataki tena mtu aiite tofali.

Kwa hiyo usinune. Ile ndogo ningekuchagulia wewe kwa moyo mweupe. Mikono yako imetulia, jikoni kwako kuna kiza, na watoto hawakai mahali pamoja. Jinunulie, utupigie wanapokua. Mchango wenu umenirudisha kwenye miguu yangu, na ukiwaona wenzako waliochanga, waambie dada yako amewashukuru mmoja mmoja.

Nisalimie wifi yangu na umwambie gauni lake bado namtunzia. Wabusu watoto, hasa yule wa mwisho mwenye mashavu yako ya zamani. Mama anakusalimu na anasema upige simu mchana, si wakati wa taarifa ya habari. Shemeji yako anakusalimu, mpwa wako pia. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe nguvu ya kiuno na wepesi wa riziki, na siku atakayokurudisha kwetu, simama mlangoni kidogo kabla ya kukumbatia mtu. Nitakuwa nimekulenga.

Wako akupendaye,
dada yako,
mpiga picha.