Miaka Sita ya Italia Ambayo Sikuiishi

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, mimi ni fundi wa sakafu, umri hamsini na tatu, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi maana nimeharibu mahali ambapo mwiko haufiki. Shule niliishia darasa la saba lakini kwa kazi sijifichi, sakafu yangu ya terazo ukiimwagia maji yanasimama yanauliza yaende wapi, na mtaani naitwa Mtaliano, na hilo jina ndilo linaloniua.

Ujanani nilipotea nyumbani miaka sita, niliporudi nikasema nilikuwa Italia, nikasema nimeweka sakafu ya jumba ambalo wakubwa wanavua viatu mlangoni, na baridi ya kule niliizoea mpaka nikawa naoga nje, na watu wakanyamaza kunisikiliza, na wewe mshauri sijui kama unaujua utamu wa kunyamaziwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa mji wa safari ya siku moja kwa basi, mbeba ndoo kwenye jengo la ghorofa nne, na msimamizi wetu alikuwa Mwitaliano mzee mwenye hasira, huyo ndiye aliyenifundisha kazi na maneno ya kazi, basi, maana chakula alikula peke yake ndani ya gari. Niliondoka nikijitapa naenda ng'ambo, nikaona aibu kurudi bila kufika.

Binti wa dada yangu alikua akinisikiliza, anakaa kwenye ngazi ya jikoni, "Mjomba, sema tena," nami nasema kwa lugha yao mchanga, ndoo, polepole, bomoa uanze upya, mpaka akaenda chuo kikuu kusomea lugha zilizozaliwa na Kilatini, Kiitaliano, Kifaransa na ndugu zao, wakati mama yake alitaka uuguzi, na mimi ndiye niliyemwambia dada, "Mwache, huyo kanirithi mimi." Sasa anamaliza, na tasnifu yake inahusu mtu aliyejifunza Kiitaliano bila darasa, na mtu mwenyewe ni mimi.

Alinirekodi kwa jumla ya saa kumi na moja. Aliniuliza kijiko wanakiitaje, nikasema nimesahau, kitanda, nimesahau, mvua, nimesahau, nikasingizia uzee. Badala ya kunishuku akafurahi, akaandika sura nzima kwamba mtu akirudi kwao maneno ya nyumbani yanamtoka, ya kazini yanabaki, na profesa wake kaisifu kuliko sura zote. Jumapili kanisomea, amekaa palepale kwenye ngazi, akaniuliza, "Nimekuandika vizuri, Mjomba?" Nikamwambia vizuri sana. Alhamisi anasimama mbele ya walimu kuitetea. Nikinyamaza atatetea uongo wangu, nikisema nimembomolea, na yeye ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniomba nisimulie. Nifanyeje?

Fundi wa sakafu

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikucheka. Hata kwenye kuungama umepata nafasi ya kusifia sakafu. Iweke pembeni kidogo.

Unasema unaogopa kumbomolea. Nadhani unaogopa zaidi siku atakayopita kwenye ngazi ile bila kukaa. Siwezi kukuahidi kwamba siku hiyo haitakuja. Ikija utaivumilia, maana umeiandaa mwenyewe miaka yote hiyo.

Binti hakukosea kitu. Aliuliza kijiko, akauliza kitanda, akauliza mvua. Mara tatu alikuwa mlangoni kabisa, na mara tatu ukamfungia. Ile sura akienda nayo Alhamisi, kila atakapoitumia baadaye jina litakalokuwa juu yake ni lake, si lako.

Leo ni Jumanne, na gazeti hili yeye pia anaweza kulinunua. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, inuka. Usimtume mama yake, usiandike ujumbe kwenye simu. Nenda, mwambie awashe kinasa sauti, uanzie kituo cha basi uliposhuka. Taja mji, taja ghorofa nne, taja ndoo. Yule mzee na maneno yake ni kweli, na kijana aliyeokota lugha ya mtu kwa kugombezwa ni kweli pia. Kama hayo yanatosha kuandika upya, ataamua yeye na profesa wake. Wewe usiende na mpango wa kumwokoa. Akitaka uende chuoni ukarudie mbele ya profesa, nenda, na baridi ya kuoga nje uiache nyumbani. Akilia usimtanie. Usimwambie ulifanya hivyo ili apende kusoma, hata kama kuna ukweli ndani yake. Hiyo siyo zamu yako kusema.

Na akikuuliza tena kijiko wanakiitaje, usiseme umesahau. Mwambie hukuwahi kukaa nao mezani.