Lenzi ya Baba Haitoki Hapa

Kiptere, Jumapili

Kwa Weldon,

Sitakuuliza hali yako. Huku mvua imenyesha vizuri, majani chai ni mengi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Nimesoma ujumbe wako kwamba nikutumie lenzi ya Baba huko Nairobi. Tulipomzika Baba ulichukua shamba la juu, ukanirushia lenzi hiyo ukisema, "Chukua takataka ya studio yake." Niliisafisha kuvu, nikanunua adapta, nikaifunga kwenye kamera yangu ya dijitali. Haijirekebishi yenyewe. Unazungusha pete yake kwa mkono, polepole, mpaka uso uonekane wazi, na mtu anakungoja.

Ndivyo nilivyompiga Mama picha ile uliyoiweka mtandaoni ukaandika kwamba umeipiga wewe, na watu wanasifu tabasamu lake.

Basi nikuambie. Ilikuwa wiki moja kabla hajafariki, amekaa mlangoni. Nilikuwa bado nazungusha pete aliposikia gari barabarani. Akaniuliza, "Chepchirchir, huyo ni Weldon?" Aliniuliza hivyo kila siku tangu Januari, na nilikuwa nimechoka kumjibu hapana. Nikamwambia, "Ndiyo, Mama, amefika." Akatabasamu, nikabonyeza.

Lilikuwa lori la kubeba majani chai.

Lenzi sikupi, na usije kuifuata. Wakikusifu tena kwa tabasamu hilo, waambie lilitoka wapi.

Mimi niliyebaki naye,
Chepchirchir